Chai hii ilichumwa lini?

Nilimwandikia muuzaji wa chai wa Nairobi swali moja fupi: chai hii ilichumwa lini?

Jibu halikukawia, na lilikuwa la adabu sana. "Mpendwa mteja, asante kwa kuichagua chai yetu. Majani yetu huchumwa kwa mkono, kwa upendo, katika miteremko ya Mlima Kenya. Karibu tena." Chini ya hapo palikuwa na picha ya kopo lingine na punguzo la asilimia 10 kwa atakayeagiza kabla ya Jumapili.

Nikadhani sikueleweka. Nikamwandikia tena kwa upole kwamba sihitaji siku, mwezi utatosha, hata mwaka. Nikaambiwa tarehe ya kufungashwa imo chini ya kopo. Nikalipindua. Kweli imo. Lakini tarehe ya kufungashwa ni siku ambayo majani yalitiwa koponi. Kabla ya hapo huenda yalilala guniani mwezi mmoja, huenda mwaka mzima, na kopo halisemi.

Nikauliza: basi yalitengenezwa kiwanda gani?

Kimya.

Jambo hili limenikaa rohoni wiki nyingi. Pesa imo ndani yake, lakini haikunikera pesa peke yake. Mimi ni mtu wa Mombasa. Kila wiki chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na majirani wengine hupigwa mnada katika mji huu, na mnunuzi wa Karachi au Cairo anapoinunua anajua kiwanda, anajua daraja, anajua namba ya fungu, na kionjo chake kimeshapita ulimini kabla hajataja bei. Mimi ninayepanda matatu moja tu kufika kwenye maghala ya Shimanzi, tena niliyelipa mara sabini ya bei ya mnadani, siambiwi hata mwaka.

Kopo jeusi

Nianze na chai yenyewe, maana sikwenda kutafuta ugomvi.

Kwetu chai ni ya maziwa, na iliki na tangawizi, mahamri kando. Majani yake ni ya pakiti ya dukani, vile vipunje vyeusi vidogo ambavyo ndivyo karibu chai yote ya Kenya. Kiwandani majani hupitishwa kati ya roli zenye meno, yakapondwa, yakararuliwa na kukunjwa, yakatoka vipunje vinavyotoa rangi na nguvu upesi. Ni chai inayoyahimili maziwa na viungo, na sitamkubalia mtu anayeidharau. Nimelelewa nayo.

Lakini iko chai nyingine inayotoka milima ile ile. Majani yake hayapondwi. Hunyaushwa, husokotwa yakiwa mazima, huachwa yachachuke, kisha hukaushwa. Wafanyabiashara huiita othodoksi. Ni sehemu ndogo sana ya mavuno yetu, na kwa miaka mingi ilipanda meli bila Mkenya wa kawaida kuiona. Sasa wapo vijana wa Nairobi na miji mingine wanaoiuza hapa nyumbani katika makopo mazuri. Nilifurahi nilipoona hivyo. Tangu lini nchi inayozalisha zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka iwe haijui ladha ya chai yake iliyo bora?

Nikaagiza. Gramu 50, shilingi 1,100, mbali na nauli ya mzigo.

Kopo lilifika asubuhi ya pili, jeusi, maandishi ya dhahabu, na kadi ya shukrani ndani ya boksi. Nililifungua mezani. Majani yalikuwa marefu, membamba, yamesokotwa kama nyuzi za katani, na hapa na pale ncha za rangi ya dhahabu. Vijiti vichache mno. Nilipomimina kidogo kwenye sahani nyeupe haikubaki vumbi. Kwa macho sikuwa na la kusema.

Nikaipika kama walivyoelekeza, chai ya mkandaa, bila maziwa wala sukari.

Ilikuwa chapwa. Rangi yake ilikuwa nyeusi yenye ukungu, na juu ya kikombe palikaa utando mwembamba uliometameta kama mafuta. Kila nilipokunywa, utando uliacha mstari wa kahawia ukingoni. Harufu ilikuwa ya majani makavu tu. Mama akaonja, akasema, "Mwanangu, hii si ya kunywa, labda ya kuoshea nywele."

Elfu moja na mia moja.

"Hiyo maji iko na chumvi?"

Kabla ya kumlaumu mtu nilitaka kulinganisha. Rafiki yangu akanipa namba ya mama mmoja wa upande wa Nandi Hills, mwenye shamba la chai na kiwanda kidogo cha mkono nyuma ya nyumba. Hana tovuti. Anauza kwa WhatsApp, katika pakiti za karatasi ya kaki, na mwezi wa kuchumwa anauandika kwa kalamu.

Nikamwambia nataka gramu 50 za chai nyeusi. Nilitarajia anitumie namba ya kulipia. Akanitumia ujumbe wa sauti.

"Dada, kwanza uniambie. Hiyo maji ya Mombasa si iko na chumvi? Unatumia ya kisima ama ya mfereji?"

Niliusikiliza tena na tena. Nimenunua chai maisha yangu yote, na hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza habari za maji.

Anayekaa kisiwani hapa hahitaji maelezo. Maji ya mfereji yanakuja yanapotaka. Tunaishi kwa visima na kwa mitungi ya mkokoteni, na visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Maji yake ni mazito kwa chokaa na yana chumvi. Sabuni haitoi povu, sufuria hubaki na ukoko mweupe. Chokaa hiyo hiyo ndiyo inayoshikana na viini vya chai na kufanya ule utando, na ndiyo inayoiua ile rangi nyekundu inayong'ara na kuacha weusi. Chai yetu ya maziwa haijali, kwa sababu maziwa na tangawizi hufunika yote. Chai ya mkandaa isiyo na kitu haina pa kujificha.

Nikanunua maji ya chupa, nikatoa tena lile kopo jeusi.

Utando ulitoweka. Rangi ikawa nyekundu yenye kina, na kwa mara ya kwanza ulimi ukahisi ule ukali mtamu unaofanya mate yatoke. Kumbe palikuwa na chai ndani ya kopo lile!

Hapo ndipo nilipokwama na makala hii. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumpasha muuzaji wa Nairobi, na sasa nusu ya kosa ilikuwa ya maji. Ni haki kumpima mtu kwa kikombe kilichoharibiwa na kisima changu? Nikasema hapana. Kisha nikasoma tena kikaratasi kilichokuja na kopo. Kimeeleza nyuzi za joto, kimeeleza dakika, kimeeleza hata aina ya muziki wa kusikiliza. Maji hayakutajwa. Anayeuza chai ya bei hiyo kwa nchi nzima, huku akituma mizigo Mombasa, Lamu na Malindi, anajua au anapaswa kujua ni maji gani yatakayokutana nayo.

Hata hivyo, kulikuwa na kitu kingine ambacho maji ya chupa hayakukiponya. Ladha ilirudi, harufu haikurudi.

Mjomba

Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi kwa dalali wa chai, katika chumba cha kuonjea. Hakuwa muonjaji. Alikuwa mpimaji na mchemshaji, yule anayepanga safu ndefu ya vikombe vyeupe vya kauri, anayetia mizani, anayegeuza vikombe juu ya bakuli ili chai itoke na majani yabaki kwenye kifuniko. Lakini ukimtazama muonjaji kwa miaka mingi, ulimi wako nao unasoma.

Alikuja na mizani yake. Utaratibu wenyewe umeandikwa hata na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO 3103, iliyotolewa kwanza mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, dakika 6. Yeye alikuwa akiufuata kabla hajajua kwamba una namba. Akaweka vikombe viwili, kopo jeusi upande mmoja na pakiti ya Nandi upande wa pili, maji ya chupa yale yale.

Dakika zilipokwisha alimimina, kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Hakunywa. Aliinamia majani yaliyolowa kwenye vifuniko, akayasogeza kwa kidole, akayanusa yangali na mvuke. Ya Nandi yalikuwa yamefunguka, majani mawili na chipukizi yameshikana bado, rangi ya sarafu mpya ya shaba. Yale ya kopo yalikuwa mazima pia, mazuri ya umbo, lakini rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyolala.

Ndipo akachota kijiko na kuvuta kwa kishindo, ule mvuto wa waonjaji unaoirusha chai mpaka nyuma ya pua. Akaitema. Akavuta ya pili. Akanyamaza kidogo.

"Hii ilikuwa chai nzuri," akasema, akigusa kikombe cha kopo jeusi.

"Ilikuwa?"

"Ilikuwa, mwanangu. Aliyeichuma alijua kazi yake. Aliyeitengeneza alijua. Imekaa sana baada ya hapo."

Chai haiozi kama mkate, na ndiyo maana udanganyifu wake ni rahisi. Chai nyeusi iliyokauka vizuri na kufungwa vizuri hukaa hata miaka miwili ikanyweka bila madhara. Lakini kinachotoka kwanza ni harufu, na katika chai ya namna hii harufu ndiyo uliyoilipia. Unyevu, mwanga, joto na jirani mwenye harufu kali, vyote huimaliza. Mjomba alinikumbusha kwamba hapa pwani ukiacha pakiti wazi karibu na iliki, wiki haifiki kabla hujanywa iliki.

Nilikwenda kuangalia picha za duka la muuzaji mtandaoni. Chai imepangwa katika mitungi mikubwa ya kioo, taa zikiwaka juu yake. Inapendeza kwa picha. Kwa chai ni mateso.

Swali langu la tarehe lilizaliwa mezani pale. Na nimeshawaambia lilivyojibiwa.

Elfu ishirini na mbili

Mjomba alipouliza bei na kuambiwa, alipiga hesabu kwa kilo, ndivyo alivyozoea. Shilingi 22,000. Akaweka kijiko chini.

Mnadani kilo moja ya chai ya kawaida huuzwa dola mbili na ushei, tuseme shilingi mia tatu hivi. Kwake yeye hapakuwa na la kujadili: hakuna jani la chai duniani lenye thamani mara sabini ya jani lingine. Nilijaribu kumpinga na hatujakubaliana hadi leo, lakini katika kubishana naye ndipo nilipojua mimi nasimama wapi.

Kwanza, mnada ni bei ya magunia. Hakuna kopo, hakuna boksi, hakuna duka, hakuna mtu wa kujibu simu. Pili, kinywaji hupimwa kwa kikombe. Kwa gramu mbili na nusu kwa kikombe, gramu 50 ni vikombe 20, yaani shilingi 55 kila kimoja. Majani mazima ukiyatia maji mara ya pili hayakunyimi, na hapo umeshuka chini ya 30. Katika mkahawa wenye viyoyozi hapa mjini nimelipa zaidi ya 200 kwa maji ya moto na kifuko cha karatasi chenye vumbi la chai, na sikuandika makala.

Tatu, kazi. Kilo moja ya chai kavu inataka kilo nne hadi nne na nusu za majani mabichi. Mchumaji wa chai hii haruhusiwi kukamata konzi. Ni majani mawili na chipukizi, basi. Jani la tatu likiingia, chai imeshuka.

Kwa hiyo sisemi shilingi 1,100 ni wizi. Nasema bei hiyo ina masharti. Nikiilipa nategemea majani ya msimu unaojulikana. Kwetu Kenya, chai inayosifiwa zaidi ni ya miezi ya ukavu, mwisho wa Januari na Februari, na ya baridi ya Julai, kwa kuwa mchai hukua polepole na jani hukusanya utamu. Majani ya mvua nyingi hukua haraka na kuwa mepesi. Basi mwezi wa kuchuma ni sehemu ya bidhaa kama uzito ulivyo. Muuzaji asiyeweza kuutaja ameniuzia kopo, na chai akanipa kama nyongeza.

Kuna na hizi herufi. Kopo langu lina TGFOP kwa dhahabu, na katika tovuti yao imeelezwa kuwa ni "daraja la juu kabisa duniani". Herufi hizo hueleza ukubwa wa jani, uzima wake na wingi wa ncha za dhahabu. Hazielezi ladha, wala hazizuii jani kuzeeka. Mjomba alizisoma akasema tu, "Hii ni saizi." Mteja asiyejua atadhani ameshikishwa cheti.

Adabu na huduma

Hapa ndipo rafiki zangu walipogawanyika, wengine wakaniona mkali. Wanasema: mzigo ulifika kesho yake, kopo halina hata kibonyeo, ulijibiwa dakika chache, ukaitwa mpendwa. Huduma unayoitaka wewe ni ipi?

Nikubali yote hayo, maana ni kweli. Anayejua hali ya mizigo ya mabasi kati ya Nairobi na Mombasa anajua kufikisha kitu asubuhi ya pili si jambo dogo. Mama wa Nandi alichelewa siku mbili, akasahau risiti, na pakiti yake ilifika imekunjamana pembeni. Katika hayo Nairobi ilimshinda vibaya, na ningekuwa nanunua zawadi ya harusi ningejua pa kwenda.

Lakini nilipomuuliza yeye tarehe, alinitajia mwezi, akanitajia na sehemu ya shamba, ile ya juu kando ya miti. Akaniambia pia kitu ambacho muuzaji hapendi kusema: "Hii ya sasa ilinyeshewa, si mbaya lakini si ile yenyewe. Kama si haraka, ngoja ya July." Angeweza kunyamaza akachukua pesa. Alikuwa tayari kupoteza mauzo ya siku ile, na ninyi mnajua mauzo ya siku moja ni nini kwa mtu wa biashara ndogo.

Kisha akaongeza kionjo cha bure cha chai ya zambarau, akaniambia niinywe nusu, nusu nyingine niikamulie ndimu.

Chai hii ni kazi ya watafiti wetu wa Kericho. Ni mchai wenye majani ya rangi ya zambarau, TRFK 306, uliotolewa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya utafiti wa miaka mingi. Rangi yake inatokana na viini vile vile vilivyomo katika zabibu nyeusi na biringani. Nilitia maji, kikombe kikawa na rangi hafifu ya kijivu yenye zambarau kwa mbali, rangi ambayo ukiiona huiiti chai. Nikakamua ndimu. Rangi iligeuka mbele ya macho yangu, ikawa ya waridi angavu, ikaanzia pale tone lilipoanguka na kuenea hadi ukingoni. Mama aliita majirani.

Hiyo ndimu ilikuwa ni njia ya kunipa uwezo wa kumkagua. Majani yasiyo ya zambarau hayafanyi hivyo.

Muuzaji wa Nairobi naye ana chai ya zambarau. Katika ukurasa wake imeandikwa kwamba hupunguza mwili, husafisha damu na kuzuia saratani. Viini vile vimo, ndiyo, na watafiti wanavichunguza. Kumwahidi mgonjwa kinga ya saratani katika kopo la chai ni jambo jingine kabisa, na hapo nilimpunguzia alama nyingi kuliko popote. Wapo wasomaji wangu wenye wazazi wagonjwa. Wakisoma maneno yale watanunua, na hawatanunua kwa ajili ya ladha.

Basi kama ninaulizwa huduma ni nini kwa muuzaji wa chai ya ghali, nasema ni kumjibu mteja anachouliza. Upesi na adabu nazipenda. Lakini "mpendwa mteja" haijibu "lini".

Mchumaji

Swali langu la mwisho nililiogopa kidogo, kwa sababu mama yule nilikuwa nimeshampenda. Nilimuuliza anawalipa wachumaji kiasi gani.

Tunajua mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vilivyo chini ya KTDA, wakala unaosimamia viwanda vya wakulima wadogo wa chai Kenya, hulipwa shilingi ishirini na kitu kwa kilo kila mwezi, kisha bonasi. Tunajua pia bonasi ya 2025 ilivyozua maandamano, pale wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walipopata kidogo sana kuliko wenzao wa mashariki. Wengine waling'oa michai. Mtu anayezungumzia chai ya shilingi 1,100 kwa gramu 50 bila kuangalia upande huo amekaa na nusu ya habari.

Alinijibu bila kusita. Shilingi 40 kwa kilo kwa majirani wanaomletea majani, mawili na chipukizi tu, na analipa jioni ile ile. Bonasi hana.

Nikapiga hesabu usiku ule. Kilo nne na nusu za majani kwa shilingi 40 ni shilingi 180. Chai yake anauza 650 kwa gramu 50, yaani 13,000 kwa kilo. Mia moja na themanini kati ya elfu kumi na tatu. Niliitazama hesabu hiyo muda mrefu, na sikuipenda. Nikamwandikia hivyo hivyo, kwamba chai yako ni nzuri na maneno yako ni ya kweli, lakini hapa sijaridhika.

Sauti yake ilikuja asubuhi, ndefu, kuku wakisikika nyuma. Alianza na kuni. Akaja kwa wasichana wawili wa kusokota, anaowalipa kwa siku. Majani anayoyakataa baada ya kuyalipia, kwa sababu jirani ni jirani. Leseni. Karatasi za kufungia kutoka Eldoret. Nauli. Mwisho akataja kilo zilizokaa tangu mwaka jana, ambazo hataki kuziuza kama chai ya mwaka huu, hivyo amezigeuza chai ya nyumbani na ya wageni. "Nikiuza yote nitaweza kuongeza hao watu," akasema. "Lakini bado siuzi yote."

Nimesikiliza mara nyingi. Kilo zile za mwaka jana zinanifanya nimwamini. Shilingi 40 bado inanisumbua, na sioni kwa nini moja ifute nyingine.

Chai ya Julai nimeshaiagiza, gramu 100, na nimelipa bei yake kamili bila kuomba kupunguziwa. Nimemwomba pia aandike ile hesabu yake yote, kuanzia kuni hadi nauli, na amekubali niiweke hapa bila jina lake. Ikifika nitaichapisha kama ilivyo. Ninyi mlio na mashamba Nandi, Kericho, Murang'a, Kirinyaga, na ninyi wa Mufindi na Rungwe kule Tanzania mnaonisoma, nataka muipitie mstari kwa mstari mniambie panapovuja.